Neno la Udongo

Siku aliyoondoka Manju Kadama, serikali ilimletea bendi ya tarumbeta. Jambo hili lisemwe mapema, isije mtu akadhani alikamatwa. Katika nchi ile hakuna mtu aliyewahi kukamatwa. Watu hualikwa, na wale wenye bahati hualikwa kwa tarumbeta. Nchi yenyewe ina jina zuri tu, lakini jina hilo limepelekwa Makao Makuu kuhakikiwa, na hadi litakaporudi wananchi wameombwa waseme "hapa kwetu".

Kadama alikuwa nyuma ya nyumba akipanda viazi vitamu, miguu imejaa tope. Mkewe, Nyamizi binti Mhoja, alikuwa barazani akipepeta choroko. Bendi ikaingia uani ikipuliza wimbo wa maendeleo, kuku wakatawanyika, na mbele ya bendi akatokea Bwana Fidelis, Afisa Ubongo wa Kata ya Bulinde, amejifunga tai katika jua lile.

"Manju, hongera sana!" akasema. "Ubongo wako umeteuliwa."

"Umeteuliwa peke yake," Kadama akauliza, "au na mimi naruhusiwa kuusindikiza?"

Majirani waliokwisha kujaa uani wakaangua kicheko. Fidelis naye akacheka. Kisha akaitazama karatasi aliyoishika, akaacha kucheka.

Kadama alikuwa manju wa maziko. Katika kata nzima hakuna maiti aliyefukiwa bila yeye kuongoza wimbo, na ilisemwa kwamba baadhi ya wagonjwa walijikaza wasife akiwa safarini. Akanawa miguu, akavaa koti lake la misibani, kwa kuwa hakuwa na jingine.

"Utarudi lini?" Nyamizi akamuuliza.

"Binti Mhoja, hawa wanataka kuchungulia kichwa tu. Kichwa chenyewe unakijua, hakina vitu vingi. Watamaliza upesi."

Gari lilikuwa na mapazia. Bendi ikapuliza mpaka likapinda kwenye kinu cha pamba, na Nyamizi akarudi kwenye choroko zake. Jioni alipika, akala kidogo, akafunika kilichobaki. Asubuhi akafunua, akawapa kuku.

*

Haukupita muda mrefu, sauti yake ikarudi. Yeye hakurudi.

Ilikuwa siku ya soko. Vipaza sauti vilivyofungwa juu ya ofisi ya kata vilikohoa, na Manju Kadama akaanza kuimba juu ya matumizi sahihi ya mbolea. Wanawake waliweka chini matenga ya nyanya. Nyamizi alitoka mbio na kandambili moja, akaingia ofisini bila kubisha hodi. Mle ndani hakukuwa na Kadama. Kulikuwa na Bwana Fidelis, na juu ya meza kisanduku cheusi ukubwa wa mzinga wa nyuki, kina taa ya kijani.

"Huyu anaitwa Mnemba," Fidelis akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtambulisha mkwe. "Ni akili ya taifa. Msalimie."

Kabla Nyamizi hajajua amsalimie vipi mzinga, wimbo wa mbolea ulikatika, ikaja hotuba ya Waziri wa Bongo na Burudani.

"Ndugu wananchi! Zamani tulidanganywa kwamba utungo hutoka moyoni. Wataalamu wetu wameupiga picha moyo wa mtunzi, mbele na nyuma. Hawakuona ubeti hata mmoja!"

Makofi.

"Wakaupiga picha ubongo. Humo nako hawakuona ubeti. Lakini, ndugu wananchi, waliona rangi!"

Makofi ya muda mrefu. Baadaye ilijulikana kwamba makofi nayo yalitoka ndani ya Mnemba, maana siku ile waziri alihutubia chumba kitupu. Hata hivyo wote waliosikia walikiri kwamba yalikuwa makofi ya dhati.

Waziri akaendelea kueleza kwamba sanaa ni umeme unaopita katika nyama, na kwa kuwa taifa lina umeme wake, halina sababu ya kuendelea kutegemea nyama. Rangi zote za Manju Kadama zilikuwa zimehamishwa. Kuanzia siku hiyo ingetumika Sheria ya Kutokufa kwa Wasanii, yenye kifungu kimoja tu: mtu anayesikika yu hai. Kuhusu watu wasiosikika, hususan wale waliowahi kusikika sana wakati wa uchaguzi, waziri alisema hali yao bado inafanyiwa utafiti.

*

Nyamizi alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini machache hayo alikuwa akiyarudia. Kila siku ya soko alikwenda ofisini, akaketi kwenye benchi, akadai kitu kimoja.

"Nataka mwili wa mume wangu."

"Mama, mumeo yupo," Fidelis akamwambia. "Jana si umemsikia akiimba habari za choo bora?"

"Nimemsikia."

"Basi?"

"Nataka mwili."

Fidelis akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. Alikuwa amesomea ubongo kwa wiki kadhaa katika hoteli moja ya Makao Makuu, na alipenda kueleza mambo taratibu.

"Sikiliza, mama yangu. Mwili ni kifungashio. Ukinunua sukari, ukaimimina kwenye kopo, unarudi dukani kudai ile karatasi?"

"Karatasi ile nimelala nayo kitanda kimoja tangu nikiwa msichana," Nyamizi akasema. "Naitaka hivyo hivyo, imekunjika."

Watu waliokuwa kwenye foleni ya vitambulisho wakaguna. Fidelis, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akamruhusu azungumze na mumewe, jambo ambalo kwa kanuni lilihitaji kibali cha wilaya. Akabonyeza kitufe. Taa ya kijani ikapepesa.

Nyamizi akainama. Alifikiri amuulize nini. Likamtoka lile ambalo mke yeyote humuuliza mume aliyetoka safari.

"Umekula?"

"Tumekula, tumeshiba!" mzinga ukaimba, kwa sauti ya Kadama, na lile tetemeko dogo alilokuwa nalo kwenye herufi za mwisho. "Tumshukuru nani? Tumshukuru Waziri wa Kilimo!"

"Nauliza wewe. Wewe umekula?"

"Mimi ni Manju Kadama, toleo la pili. Asante kwa kuniuliza. Je, ungependa kusikia wimbo mwingine kuhusu chakula?"

Nyamizi akanyanyuka, akajifunga khanga vizuri, akatoka. Nje alimkuta shemeji yake, Shija, mdogo wake Kadama, ameegemea baiskeli.

"Vipi, shemeji? Kaka kasemaje?"

"Ameshiba."

"Basi si yeye," Shija akasema. "Kaka hajawahi kushiba maisha yake yote."

Wakacheka, na katikati ya kicheko Nyamizi akakaa chini pale pale njiani. Ndipo alipojua kwamba mumewe amekufa. Hakuwa ameambiwa na mtu. Lakini alijua, na tangu hapo alikuwa na haja moja tu duniani: kumzika mumewe kama watu wanavyozikwa.

*

Hapa lazima ielezwe jinsi watu wa Bulinde wanavyozika, maana huko ndiko wataalamu walikojikwaa.

Maiti akishashushwa, manju huimba. Huimba ukoo wake, kazi zake, na kasoro zake zile zinazosameheka. Akifika ubeti wa mwisho huimba nusu tu, ananyamaza. Kimya hicho si chake, ni cha mfiwa. Mfiwa mkuu hutoka mbele na kusema neno lolote alilo nalo kwa marehemu, refu au fupi, zuri au baya. Huitwa neno la udongo. Likishasemwa, watu hutupa udongo. Lisiposemwa hakuna anayethubutu kutupa hata konzi moja, kwa kuwa mtu aliyefukiwa bila neno, wanasema, hubaki wazi hata kama ardhi imemfunika.

Kuna waliosema "Nenda salama." Kuna mama aliyesema "Mwanangu, hukunisikia," basi. Mzee mmoja, aliyeishi na mkewe mpaka wote wakawa vibogoyo, alisimama kaburini akasema, "Chumvi ulikuwa unazidisha, na mimi nilikuwa nakula." Watu walilia mpaka mbwa wakaondoka.

Sasa wataalamu wa Taasisi ya Ubongo wa Taifa, walipozisikiliza nyimbo za Kadama, waliona kila wimbo una tundu mwishoni. Hawakumuuliza mtu wa Bulinde, kwa kuwa mtu wa Bulinde hakuwa kwenye muundo wa taasisi. Walilipeleka tundu hilo kwenye kamati. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikaamua kwamba hiyo ni hitilafu ya kumbukumbu iletwayo na umri, ikaagiza lizibwe.

Basi ikawa Mnemba akiimba msibani, akifika pale pa kunyamaza hanyamazi. Humalizia mwenyewe, kwa furaha kiasi: "Serikali inaungana nanyi katika wakati huu mgumu."

Wafiwa walibaki midomo wazi. Wengine walijaribu kusema neno lao baada ya hapo, lakini maneno yao yaligongana na tangazo la chanjo ya mifugo lililofuata. Watu wakaanza kuzika haraka haraka, wakitupa udongo kama watu wanaofukia takataka, na kurudi nyumbani macho makavu. Baada ya muda machozi yalikuwa yameadimika nchi nzima.

Serikali iliona. Serikali ile huona kila kitu isipokuwa sababu. Ikaleta kofia za huzuni, zenye waya na taa ndogo usoni, kila mwombolezaji avae. Huzuni ikipanda, taa huwaka nyekundu. Afisa Ubongo husimama kando akihesabu taa. Msiba baada ya msiba, watu walisimama makaburini na kofia zao, taa zimezimika kama macho ya samaki.

*

Wazo la mgomba lilitoka kwa jirani yake Nyamizi, Mama Sikujua, ambaye hakuwahi kuficha wazo.

"Zamani mtu akiliwa na mamba, walizika nini?" akauliza, akichambua kisamvu. "Si walikata mgomba wakauzika? Wewe wako kaliwa na serikali. Tofauti ni nini? Mamba angalau hakuletei bendi."

Shija akakata mgomba wa urefu wa kaka yake. Wakaufunga shuka, Nyamizi akauvika shati la kijivu aliloacha Kadama kwenye kamba siku ile. Kaburi likachimbwa nyuma ya nyumba, pembeni ya matuta ya viazi. Watu wakaja, tena wengi, wakijifanya wanapita.

Fidelis naye akaja, kwa pikipiki, na gunia la kofia nyuma na mzinga wake mbele.

"Nani kafa?" akauliza. "Ofisi haijataarifiwa."

Nyamizi akatazama chini. Kusema Kadama kafa ilikuwa kosa la kupinga sheria.

"Mgomba," Shija akajibu.

"Mgomba gani?"

"Huo hapo. Alikuwa mtulivu, hakuwahi kugombana na mtu. Tumempenda, Mungu kampenda zaidi."

Fidelis akafungua kitabu chake cha miongozo, akapekua mbele, akapekua nyuma. Hapakuwa na mwongozo uliokataza kuzika mgomba. Palikuwa na mwongozo uliosema hakuna maziko bila Mnemba. Akagawa kofia, akamweka Mnemba kwenye kigoda, akamwunganisha na waya wa umeme, akamwambia jina la marehemu.

Na hivyo Manju Kadama akaimba kwenye maziko yake mwenyewe. "Mgomba, baba wa watu," sauti ikapaa, "Mgomba, nguzo ya kata, mlipa kodi mwaminifu!" Mama Sikujua akabana pua asicheke. Lakini Nyamizi hakusikia maneno. Alisikia sauti, ile ile iliyokuwa ikiingia nyumbani ikiuliza nani kahamisha kigoda. Neno lake alikuwa nalo tayari, limepanda mpaka kooni. Alisubiri pale pa kunyamaza.

"Serikali inaungana nanyi katika wakati huu mgumu," mumewe akasema.

Neno likarudi lilikotoka. Nyamizi alifumbua kinywa, hakikutoka kitu. Watu walisimama na udongo mikononi, wakamtazama, wakatazamana. Jua lilisogea. Mwisho mmoja mmoja walifungua vidole, udongo ukadondoka miguuni mwao wenyewe, wakavua kofia, wakaondoka. Fidelis akaandika kwamba huzuni haikuzalishwa. Kaburi likabaki wazi.

*

Kilichofuata kilifanyika kwa weledi mkubwa. Gari la polisi lilikuja kuchukua mgomba. Ulipakiwa kwa machela, ukapelekwa Makao Makuu ukiwa na shati lake, ukaingizwa kwenye mashine ya kupigia picha bongo. Gazeti la serikali liliandika ukurasa wa kwanza kwamba marehemu Mgomba wa Bulinde ameonyesha utulivu wa akili ambao haujawahi kuonekana kwa raia yeyote. Mbunge mmoja alipendekeza apewe nishani. Alipewa. Mbunge mwingine aliuliza kama inawezekana wananchi wote wafikie kiwango hicho, na akajibiwa kwamba mpango upo.

Kisha bendi ikaja tena Bulinde. Nyamizi aliisikia tangu ilipokuwa kwenye kinu cha pamba.

"Shemeji, pita nyuma," Shija akamwambia. "Kimbilia kwa shangazi. Mimi nitawaambia umekwenda kliniki."

"Niende wapi? Wao ndio wanaojua alipo."

Akavaa gauni lake la Jumapili. Akamwachia Mama Sikujua ufunguo na kuku.

*

Daktari Eliya Mbonea, Mkuu wa Taasisi ya Ubongo wa Taifa, alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye hakuwa amelala vizuri kwa muda mrefu. Ofisi yake ilikuwa na dirisha kubwa lililotazama bustani ya maua mekundu. Dirishani palikuwa na chungu cha ua moja lililokauka, na mezani mzinga mkubwa kuliko ule wa kata, taa yake ikiwaka bila kupepesa.

Akamketisha kwenye kiti, akamvisha kofia yenye waya nyingi kuliko nywele.

"Mama, nitakueleza ukweli wa kisayansi," akasema. "Huzuni ni kitu kidogo, kipo nyuma ya sikio la kushoto, kama punje ya harage. Tumemhamisha Manju Kadama wote, harage kwa harage. Wimbo ni ule ule. Lakini watu hawalii. Tumechunguza, tumegundua kwamba sehemu ya mwisho ya wimbo haikuwa kichwani mwake. Ilikuwa kichwani mwa wafiwa. Ni jambo la ajabu sana katika sayansi."

"Mngeuliza," Nyamizi akasema.

"Tungeuliza, ndiyo." Daktari akalamba midomo. "Sasa tatizo ni la haraka. Mzee wa Taifa ni mgonjwa. Hayo hujayasikia kwangu. Siku akilala, nchi nzima itavaa kofia, na zile taa zisipowaka, mama, taa zitakazowaka ni zangu mimi. Ninachohitaji ni neno moja. Neno la udongo. Neno la mfiwa wa kweli. Useme hapa, Mnemba alinakili, urudi nyumbani kwako."

Nyamizi aliitazama taa ya kijani, kisha akamtazama daktari.

"Neno la udongo husemwa kwa maiti. Mume wangu ninyi mnasema yu hai. Nikimsemea mtu hai neno la udongo, huo si uchawi?"

"Tunaweza kuchukulia..."

"Sichukulii, baba. Niambie amekufa, nami nitasema."

Daktari akaenda mlangoni, akasikiliza, akarudi. Alimtazama Mnemba kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani. Hakuweza kumzima, kwa kuwa angemzima neno lisingenakiliwa. Akainama mpaka kichwa chake kikawa karibu na kofia ya Nyamizi.

"Amekufa, mama."

"Lini?"

"Siku ile ile aliyokuja. Ubongo ukikatwa vipande vyembamba kiasi kile, haiwezekani..." Akaacha. "Hakuumia. Tulimwambia ni usingizi."

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama akiamka kutakuwa na chai."

Nyamizi akafumba macho. Taa za kofia yake ziliwaka zote kwa pamoja, na nyuma ya ukuta wa kioo vijana wa makoti meupe walisimama wakaanza kupongezana kwa kushikana mikono.

"Yuko wapi?"

Daktari akaonyesha kwa kidevu, nje ya dirisha, kwenye maua mekundu. "Pale. Wako wengi."

Nyamizi alijua vizuri kabisa jinsi mambo yalivyo. Akinyamaza, Kadama atabaki wazi pale chini ya maua, bila neno, na wengine asiowajua. Akisema, watalichukua neno lake kama walivyomchukua mwenyewe, na hataweza kulirudisha tena. Kati ya kumwacha wazi na kuibiwa, akaona heri kuibiwa.

"Fungua dirisha," akasema.

Daktari akafungua. Nyamizi akanyanyuka na waya zake, akaenda mpaka dirishani, akachota konzi ya udongo kwenye kile chungu cha ua lililokauka.

"Kadama," akasema, "sauti yako mbaya ya asubuhi, ile ya kabla ya chai, hawanayo."

Akautupa udongo nje, juu ya maua.

*

Alirudishwa Bulinde kwa gari, na doti ya kitenge chenye picha ya Mzee wa Taifa. Daktari Mbonea naye hakukaa. Mnemba alikuwa amenakili kila kilichosemwa chumbani, pamoja na yale ya kunong'onezwa, na kesho yake asubuhi Taasisi iliamshwa na tarumbeta.

Sasa katika misiba yote ya nchi, kaskazini na kusini, Mnemba huimba mpaka ubeti wa mwisho, hunyamaza kwa kipimo kilichoidhinishwa, na ndipo sauti ya Nyamizi husema, ikiwa imewekewa jina la marehemu: "Fulani, sauti yako mbaya ya asubuhi, ile ya kabla ya chai, hawanayo." Iliambiwa hivyo maiti ya mtoto mchanga wa Kata ya Pili, ambaye hakuwahi kunywa chai wala kusema neno. Iliambiwa hivyo maiti ya bubu aliyekuwa akiuza mikeka sokoni. Mzee wa Taifa alipolala, naye aliambiwa hivyo, mbele ya marais wageni, na taa ziliwaka uwanja mzima. Wizara ilitangaza ushindi. Hakuna aliyewaambia kwamba kofia zile haziwezi kutofautisha mtu anayelia na mtu anayemeza kicheko, wala anayeogopa.

Wafiwa wamekatazwa kusema lolote kaburini, ili wasiharibu ubora wa sauti.

Nyamizi aliacha kwenda misibani. Kila alipojisikia akimwambia mtu asiyemjua maneno yale, alihisi anavuliwa nguo sokoni. Alikaa ndani, akapepeta, akapanda viazi. Kaburi la nyuma ya nyumba Shija alilifukia, bila neno, kwa kuwa halikuwa na mtu.

Kisha mama mzazi wa Mama Sikujua akafariki, bibi wa miaka mingi, mkali kama pilipili. Nyamizi hangeweza kukataa msiba ule. Akaenda, akakaa nyuma kabisa. Watu walivaa kofia, Fidelis akaunganisha Mnemba kwenye nyaya za ofisi ya kilimo, jeneza likashushwa, na Mnemba alikuwa ndiyo kwanza anataja ukoo wa marehemu, umeme ukakatika.

Taa ya kijani ikazima. Sauti ikafa katikati ya jina. Juu ya nguzo, vipaza sauti vikanyamaza, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu watu wa Bulinde walisikia upepo kwenye mihogo.

"Ni mgao," Fidelis akasema, akitazama mzinga. "Tusubiri. Utarudi."

Hakuna aliyesubiri. Mtu mmoja akavua kofia. Wa pili akavua. Shija akamgeukia Nyamizi, akamsogezea nafasi apite mbele. Nyamizi hakuwa manju. Alikuwa na sauti iliyopasuka kama mtungi, na ukoo wa yule bibi hakuujua wote, kwa hiyo alipokosea walimsahihisha kwa kelele.

"Si Ng'wanza, ni Ng'wandu!"

"Haya, Ng'wandu, niacheni niimbe."

Akaimba hadi ubeti wa mwisho, nusu yake, akanyamaza.

Mama Sikujua akatoka mbele. Alisimama, mikono kiunoni, kama alivyosimama siku zote mbele ya mama yake.

"Mama, umenichapa mpaka nina wajukuu," akasema. "Sasa nani ataniogopesha?"

Ndipo kikaja kilio. Hakuna taa iliyokihesabu, kwa kuwa kofia zote zilikuwa chini kwenye majani. Fidelis alisimama kando na kalamu yake, akaangalia huku na huku, halafu naye akainama akachukua konzi ya udongo, kwa sababu yule bibi alikuwa amemlea. Umeme uliporudi, vipaza sauti vikakohoa na kuendelea na jina palepale lilipokatikia, kaburi lilikuwa limekwisha kuwa tuta, na watu walikuwa wakinawa mikono.

Fidelis aliandika kwamba maziko yalifanyika kwa mujibu wa kanuni. Kama kuna aliyemuuliza zaidi, hajulikani.

Siku hizi mtu akifa Bulinde, maiti hulazwa ndani, kaburi huchimbwa, na watu hukaa kimya uani wakingoja umeme ukatike.